PICHA ZA MAPIGANO: TUCHAGUE KWA AKILI

Siku hizi sinema haitafutwi tena mjini. Zamani mtu alikata tiketi, akaingia gizani pamoja na wenzake, na picha ilipokwisha akarudi nyumbani kwake. Wengine walilipa, na hata leo wako wanaolipa, shilingi chache katika vibanda vya video vilivyopewa jina la "vibanda umiza", wakabanana juu ya mabenchi huku msimulizi akiwatafsiria Kichina au Kiingereza kwa Kiswahili chenye mzaha mwingi. Lakini sasa picha huja yenyewe mpaka sebuleni, hata mpaka kitandani, kwa njia ya intaneti. Kampuni ya Netflix, ambayo hapo kwanza ilipeleka filamu kwa posta, ilianza mwaka 2007 kuzionyesha kwa njia hiyo, na kampuni nyingine nyingi zikaifuata. Mwenye simu na bando ana ghala zima la filamu mkononi mwake.

Wingi huo umetuletea shida mbili. Ya kwanza ni kuchagua: jioni nzima yaweza kupotea katika kupekua majina, na mwishowe twatazama lile lililokuwa karibu na kidole. Ya pili ni kutopatana. Baba apenda vita na bunduki. Mama akiona damu hugeuza uso. Kijana wa miaka 16 ataka ngumi na mateke. Na mdogo wa miaka 6 amejilaza mkekani, akitazama kila kitu bila kuulizwa. Twapenda kuzichunguza shida hizo katika somo hili, maana si jambo la kupitisha wakati tu. Humo mna amani ya nyumba, na mna moyo wa mtoto.

Picha hizi si za namna moja

Wako wasemao kwamba picha zote za mapigano ni uchafu, na wako wasemao kwamba zote ni mchezo tu. Wote wawili wamefanya haraka. Tazameni mifano michache.

Mwaka 1926 Mmarekani Buster Keaton alitengeneza picha iitwayo The General. Ni hadithi ya dereva wa gari moshi aliyeibiwa injini yake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, naye akaifuatia peke yake. Keaton alifanya mwenyewe vitendo vya hatari, na injini ya kweli ilitumbukizwa mtoni kutoka juu ya daraja linaloungua. Mtazamaji hushika pumzi na kucheka pamoja, wala haoni damu. Haki ya kunakili picha hiyo imekwisha huko Marekani, hata yaweza kupatikana katika intaneti bila malipo.

Mwaka 1952 ilitoka High Noon, iliyoongozwa na Fred Zinnemann. Askari mkuu wa mji mdogo apata habari kwamba adui yake anakuja kwa treni ya saa sita mchana ili amwue. Aenda kwa huyu na kwa yule akiomba msaada. Kila mtu ana udhuru wake. Picha yote haifiki saa moja na nusu, na risasi zalia mwishoni tu. Muda mwingine wote twatazama jinsi hofu inavyowafanya watu wema kufunga milango yao.

Miaka miwili baadaye Mjapani Akira Kurosawa alitoa Seven Samurai. Wanakijiji maskini wawaajiri mashujaa saba wawalinde na wanyang'anyi, na ujira wao ni wali tu. Picha ina urefu wa saa tatu na nusu karibu, na muda mrefu watumika kabla ya vita vyenyewe, katika kuwatafuta mashujaa hao na kukitayarisha kijiji. Wanne kati ya wale saba wafa, nao wote wafa kwa bunduki, si kwa upanga. Mwishoni kiongozi wao atazama makaburi ya wenzake na kukiri kwamba walioshinda ni wakulima, si wao.

Na mwaka 1985 Jackie Chan wa Hong Kong alitoa Police Story. Humo mna mateke na vioo vinavyovunjika, na mna nguzo ndefu iliyozungushiwa taa za umeme, ambayo Chan aliitelezea mwenyewe mpaka chini akaungua mikono. Ni kazi ya viungo na ya ujasiri, kama ile ya wanasarakasi.

Hizi ni picha nne za mapigano, lakini hata mbili kati yake hazifanani. Basi asiye na hamu ya namna moja asidhani kwamba hakuna namna nyingine itakayomfaa.

Kwa nini hatupendi sawasawa?

Sababu ya kwanza ni umri. Mwaka 1961 mtaalamu Albert Bandura na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa aliyejazwa hewa. Watoto wale walipoachwa na mwanasesere, wengi walimpiga kwa namna ile ile waliyoiona, na hata maneno ya yule mtu mzima waliyarudia. Mwaka 1963 wakaonyeshwa jambo hilo kwa filamu, nao wakaiga vile vile. Hatusemi kwamba kila mtoto anayetazama mapigano atakuwa mwuaji. Kumpiga mwanasesere si kumpiga mtu, na wataalamu wameendelea kubishana juu ya jambo hilo. Lakini mzazi hahitaji mabishano yao ili ajue kwamba mtoto mdogo huiga, na ya kwamba hajui bado mpaka kati ya mchezo na kweli.

Sababu ya pili ni yale ambayo macho yameona. Kati yetu wamo waliokimbia vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993, wamo waliookoka katika mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, na wamo waliotoka mashariki ya Kongo. Kwa mtu wa namna hiyo mlio wa bunduki katika televisheni si burudani. Mwili wake wautambua kabla ya akili yake kusema kwamba ni filamu. Akiinuka na kutoka nje, si mwoga. Huenda ndiye peke yake chumbani anayejua jambo linaloonyeshwa. Hata katika High Noon, mke wa yule askari achukia bunduki kwa sababu baba yake na kaka yake waliuawa kwa bunduki. Kwa hiyo, kabla ya kumcheka anayegeuza uso, yatupasa tujiulize ameona nini.

Sababu ya tatu ni lile ambalo kila mmoja hulitafuta. Chukueni John Wick ya mwaka 2014. Mume aliyefiwa na mkewe auawa mbwa mdogo ambaye mke huyo alimwachia, naye kwa kisasi awaua makumi ya watu. Aliyeiongoza, Chad Stahelski, alikuwa zamani mtu wa kufanya vitendo vya hatari mahali pa waigizaji, na katika The Matrix ya mwaka 1999 alifanya hivyo kwa ajili ya Keanu Reeves mwenyewe. Apendaye picha hiyo hutazama ufundi: kila pigo laonekana wazi, na mwili wa mchezaji wafuata mpango kama katika ngoma. Asiyeipenda huhesabu maiti, na kuuliza kama hao wote hawakuwa na mama. Wote wawili wametazama picha moja, na wote wawili wamesema kweli. Mmoja asema juu ya mkono wa fundi, mwingine juu ya kitu kilichofanywa na fundi.

Alama za umri, na udhaifu wake

Nchi nyingi zimeweka vyombo vya kuzipima filamu. Uingereza walianza mwaka 1912. Tanzania ina Bodi ya Filamu, na sheria yake ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya mwaka 1976. Kenya nayo ina bodi yake, yenye alama za watazamaji wote, za uangalizi wa wazazi, za miaka 16 na za miaka 18. Alama hizo ni msaada mkubwa, na mzazi asizipuuze.

Lakini alama si hukumu ya mwisho. John Wick hiyo hiyo ilipewa Uingereza alama ya 15, na Marekani alama ya R. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 16 aliweza kuingia peke yake sinemani huko Uingereza, lakini Marekani sharti aongozane na mkubwa. Na mtoto wa miaka 10 aliweza kuingia Marekani akishikwa mkono na baba yake, lakini Uingereza hakuruhusiwa hata kidogo. Ikiwa mataifa mawili yenye lugha moja hayapatani, si ajabu watu wa nyumba moja wasipopatana.

Tena iko hatari isiyoonekana. Mara nyingi wapimaji huangalia sana damu na maneno machafu. Hivyo picha yaweza kuangamiza mji mzima bila kuonyesha hata jeraha moja, ikapewa alama nyepesi. Na nyingine ikaonyesha kifo kimoja kwa uchungu wake wote, ikapewa alama nzito. Ipi kati ya hizo mbili yafundisha kwamba uhai ni kitu cha thamani? Mtoto aonaye watu wakianguka kama magunia, wala hakuna anayelia, hufundishwa kwamba kifo hakiumi.

Namna ya kuchagua

Basi twawapa wazazi maswali matatu ya kuiulizia picha yo yote. Kwanza: anayepigwa aumia kweli, na je, picha yaona uchungu wake, au ni kitu cha kuangushwa tu? Pili: wapigana kwa sababu gani, na je, njia nyingine ilitafutwa? Tatu: mapigano yakiisha, kuna hasara iliyobaki? Vijana wetu husema kwamba steringi hafi. Picha iliyo bora ni ile ambayo steringi, hata asipokufa, hupoteza kitu kwa kupigana kwake.

Tena, msingoje mtambo uwachagulie. Huduma hizo huweka mbele picha zinazofanana na zile mlizozitazama jana. Aliyeanza na takataka huletewa takataka nyingine. Tafuteni kwa jina la mwongozaji aliyekwisha kuwapendeza, na someni habari za picha kabla ya kuianza. Nyumba njema si mlango, na picha njema si tangazo lake.

Kwa watoto, tumieni vifaa vilivyomo. Katika Netflix, kwa mfano, mzazi aweza kumfungulia mtoto nafasi yake mwenyewe, kuweka kikomo cha umri, kuzuia picha fulani kwa jina lake, na kufunga nafasi ya wakubwa kwa namba ya siri. Aweza pia kuzuia sehemu ya pili isianze yenyewe. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya dakika chache, lakini wengi hawajaifanya.

Mwisho, wekeni sheria moja kwa watu wote wa nyumba: asiyependa kuendelea kutazama ana ruhusa ya kuondoka au kuomba picha isimamishwe, na hakuna atakayemcheka wala kumwuliza sababu. Kijana naye asizuiliwe kila kitu kwa neno kali. Afadhali baba akae naye, watazame pamoja, kisha waulizane maswali yale matatu. Kijana aliyekatazwa bila kuelezwa ataitazama picha ile ile katika simu ya mwenzake, bila mtu wa kumwuliza aliona nini.

Samaki mkunje angali mbichi. Jicho la mtoto halifundishwi kuchagua siku moja, wala halifundishwi kwa kufumbwa. Lafundishwa na mkubwa anayekaa kando yake, anayejua kwa nini apenda kitu fulani, na ambaye haoni haya kuizima picha isiyofaa hata ikiwa imefika katikati.