Simuleta Gani kwa Pampu ya Kariandusi?

Tuseme uko Kariandusi, karibu na machimbo ya daiatomaiti, na umepewa kazi ya kutengeneza kidhibiti cha pampu ya sola. Sensa ya presha iliyo chini ya tangi hutoa volti 0.5 hadi 4.5, chipu ya ATmega328 inazisoma, kisha kupitia transista inaiamuru relei iwashe pampu. Hiyo ni saketi mseto: analogi na dijitali. Kabla ya kupanda matatu kwenda Nakuru kununua vipuri, ijaribu kwenye kompyuta.

1. Chora mpaka. Tia alama kila mahali volti inapogeuka namba, au namba inapogeuka volti. Hapa ni pawili tu: pini ya sensa na pini ya relei. Kigeuzi cha biti 10 kilicho ndani ya ATmega328 hugawa volti 5 katika ngazi 1024, kila moja kama milivolti 4.9. Kelele ya pampu ikizidi hapo, usomaji utayumbayumba.

2. Fuata shaka yako. Ukishuku programu uliyoandika, chukua SimulIDE, ya bure, au Proteus, ya kulipia. Zote hupakia faili la hex. Ukishuku transista na vichujio, chukua LTspice, au ngspice iliyomo ndani ya KiCad. Hizi mbili pia ni za bure, na zikishasakinishwa hazili bando. Tinkercad ni nzuri kwa mwanafunzi, ila inataka intaneti.

3. Pima muda. Hapa ndipo wengi hukwama. Upande wa analogi hukokotoa milinganyo kila chembe ya muda; wa dijitali husubiri tukio. Saa ya megahezi 16 hupiga mara milioni 16 kwa sekunde, na tangi huchukua saa nzima kujaa. Ukiviiga vyote pamoja kwa undani, utalala na kuamka laptopu ingali inahesabu. Vitenganishe: relei kwa milisekunde chache kwenye LTspice, programu kwenye SimulIDE, na mahali pa tangi weka potenshiometa uizungushe kwa mkono.

4. Itahini simuleta. Unganisha risista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 1, uzipe volti 5. Baada ya milisekunde 10 kapasita iwe na kama volti 3.16. Kisha, kwenye saketi ya relei, ondoa daiodi ya kinga iliyo kwenye koili na uzime transista: volti zitaruka mno, pengine mamia, na transista ya kwenye skrini itaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Modeli nyingi hazijui kuungua. Rudisha daiodi.