Kusoma Geji za Gari la Umeme

Gari la petroli humwonyesha dereva kiasi cha mafuta kilichobaki tangini, na aghalabu hilo humtosha, kwani tangi hujazwa kwa dakika chache na vituo vya mafuta ni vingi. Gari la umeme halina wepesi huo. Betri yake huchukua muda mrefu kujazwa, na mahali pa kuijazia hapapatikani kila mji. Kwa sababu hiyo dashibodi yake hubeba geji ambazo dereva wa petroli hakuzizoea: geji ya nguvu, geji ya matumizi ya nishati kwa umbali, na tarakimu ya kilometa zilizobaki. Dereva asiyezitofautisha huweza kukwama njiani hali dashibodi ilikwisha kumwahidi kwamba atafika. Mwanafunzi wa fizikia naye hukutana humo na kosa lile lile linalompotezea alama katika mtihani, yaani kuchanganya nguvu na nishati.

Nguvu na nishati

Nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Nguvu ni kasi ya kuitumia nishati hiyo. Kilowati ni kizio cha nguvu. Kilowati-saa ni kizio cha nishati, nayo ndiyo ile "uniti" moja ya umeme inayonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani. Pasi ya kilowati 1 ikiwaka saa nzima hula uniti moja. Ikiwaka dakika 6 hula sehemu ya kumi ya uniti, ingawa nguvu yake ni ile ile.

Gari la Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Japani na Marekani mwezi Desemba 2010, ni mfano mzuri. Betri yake ya kwanza ilikuwa ya kilowati-saa 24, na mota yake ilikuwa na nguvu isiyozidi kilowati 80. Kama mota hiyo ingeendeshwa kwa nguvu zake zote bila kupumzika, betri nzima ingekwisha katika muda wa saa 24/80, yaani dakika 18. Bila shaka hakuna dereva aendeshaye hivyo, lakini hesabu hiyo yaonyesha uhusiano wa vipimo viwili: kimoja hueleza ukubwa wa bomba, na kingine maji yaliyomo pipani.

Jinsi nguvu inavyopimwa

Geji ya nguvu haiisomi nguvu moja kwa moja. Vinavyopimwa ni viwili: volti za betri na ampea za mkondo. Mkondo hupitishwa katika kipande cha metali chenye ukinzani mdogo mno unaojulikana, na tofauti ya volti baina ya ncha zake huonyesha ampea kwa kufuata kanuni ya Ohm. Magari mengine hupima uga wa sumaku unaouzunguka waya. Kisha volti huzidishwa kwa ampea. Betri ya Leaf la kwanza ilikuwa na volti zipatazo 360. Kwa hiyo mkondo wa ampea 50 ulikuwa sawa na wati 18,000, au kilowati 18.

Dereva akanyagapo breki, mota hugeuka kuwa jenereta, mkondo hurudi betrini, na mshale huvuka sifuri kwenda upande wa pili. Wapo wanaodhani kwamba mshale ukiwa upande huo nishati yote ya mwendo imeokolewa. Sivyo. Ikiwa asilimia 85 ya nishati itokayo betrini ndiyo ifikayo magurudumuni, na asilimia 85 ya ile inayorudi ndiyo iingiayo betrini, basi inayopatikana tena ni 0.85 × 0.85, takriban asilimia 72 ya ile iliyotolewa. Na hapo msuguano wa njiani haujahesabiwa. Dereva anayeiona taa nyekundu kwa mbali akaacha gari lipunguze mwendo lenyewe huhifadhi zaidi kuliko yule anayejivunia kufunga breki mara kwa mara.

Tatizo la kupima umeme uliobaki garini si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, magari ya umeme yalipokuwa yakishindana na ya petroli nchini Marekani, magari kama Detroit Electric, yaliyoanza kuundwa mwaka 1907, yalikuwa na voltimeta na ameta mbele ya dereva. Kampuni ya Sangamo ya Springfield, Illinois, ilitengeneza mita ya ampea-saa ambayo mshale wake ulisogea kadiri umeme ulivyotumika, ukarudi nyuma wakati wa kujaza. Kwa kuwa betri ya risasi hudai umeme mwingi kuliko itakaoutoa, mita hiyo iliundwa ienende polepole zaidi wakati wa kujaza, ili mshale ufike sifuri pale tu betri ilipokwisha kujaa. Ni ubunifu wa kupendeza: upotevu uliomo katika kemia ya betri umetiwa ndani ya geji yenyewe.

Nguvu ikipanda, matumizi hupanda vipi?

Na ichukuliwe kwamba gari lina tungamo la kilogramu 1,600 pamoja na dereva na mizigo, na kwamba lapita katika barabara tambarare isiyo na upepo. Msuguano wa magurudumu hudai kani ya newtoni 157 hivi katika kila mwendo. Kani ya hewa huongezeka kwa mraba wa mwendokasi: ikiwa ni newtoni 115 kwenye kilometa 60 kwa saa, itakuwa newtoni 460 kwenye kilometa 120. Jumla ya kani ni 272 katika hali ya kwanza na 617 katika hali ya pili.

Nguvu ni kani mara mwendokasi. Magurudumu yatahitaji kilowati 4.5 katika mwendo wa kwanza, na kilowati 20.6 katika mwendo wa pili. Mshale wa nguvu umepanda mara nne na nusu. Lakini kazi ni kani mara umbali. Basi kwa kilometa 100 gari litatumia kilowati-saa 7.6 na 17.1, ongezeko la mara mbili na robo tu. Sababu ni kwamba gari la kasi hutumia nusu ya muda barabarani. Geji mbili zimeeleza safari zile zile, kila moja ikatoa hukumu yake, na zote mbili ni za kweli.

Kinyume chake huonekana katika nchi za baridi kama Norwe, ambako gari hupashwa joto kwa umeme wa betri. Kipashajoto cha kilowati 3 huonekana kidogo kwenye geji ya nguvu. Gari likitambaa mjini kwa kilometa 30 kwa saa, kilometa 100 huchukua zaidi ya saa 3, na kipashajoto peke yake hula kilowati-saa 10. Kwenye kilometa 90 kwa saa hula 3.3 tu kwa umbali huo huo. Foleni ya magari wakati wa baridi hula betri hata kama mshale haujasogea sana.

Kilometa kwa uniti, au uniti kwa kilometa?

Geji ya ufanisi nayo huja kwa sura mbili. Magari ya Leaf yaliyoundwa kwa soko la Japani, na baadhi yake yamefika Kenya baada ya kutumika huko, huonyesha kilometa kwa kila kilowati-saa. Magari mengi ya Ulaya huonyesha kilowati-saa kwa kilometa 100. Sura ya kwanza hupendeza macho, kwa kuwa tarakimu kubwa ni habari njema, lakini ina mtego. Gari likienda kilometa 60 kwa ufanisi wa 10, kisha likarudi njia ile ile kwa ufanisi wa 5, wastani wake si 7.5. Limetumia kilowati-saa 6 kwenda na 12 kurudi, jumla 18 kwa kilometa 120, yaani 6.7. Kwa sura ya pili matumizi ni 10 na 20, na wastani ni 15 bila mzunguko wowote. Kwa kufundishia na kwa kupangia safari, sura ya pili ndiyo bora.

Tarakimu ya kilometa zilizobaki

Tarakimu hii huaminiwa kuliko zote, nayo ndiyo yenye msingi dhaifu kuliko zote, kwa kuwa si kipimo bali ni utabiri. Kompyuta ya gari hugawanya nishati iliyobaki kwa wastani wa matumizi ya hivi karibuni. Barabara iliyo mbele, katika magari mengi, haimo katika hesabu hiyo.

Chukua gari lililokwisha kuteremka mlima kwa matumizi ya kilowati-saa 12 kwa kilometa 100, likiwa limebakiwa na kilowati-saa 9. Dashibodi itasema 75. Sehemu inayofuata ni kilometa 50 tu, lakini hupanda mita 1,000. Kulipandisha gari la kilogramu 1,600 mita 1,000 kwahitaji jouli milioni 15.7, sawa na kilowati-saa 4.4, na kwa upotevu wa mota na giya, betri itatoa 5.1. Kuongeza juu yake matumizi ya kawaida ya 15 kwa kilometa 100, yaani 7.5, jumla ni 12.6. Gari litasimama kabla ya kufika, ingawa tarakimu ilionyesha akiba ya kilometa 25.

Jambo jingine huwashangaza wenye magari wanapolipa ankara. Geji hupima umeme unaotoka betrini, si ule uliotoka ukutani. Leaf la mwaka 2011 lilipimwa na shirika la serikali ya Marekani linalohusika na mazingira likapewa kilowati-saa 34 kwa maili 100, takriban 21 kwa kilometa 100. Kipimo hicho huhesabu pia joto linalopotea katika chaja wakati wa kujaza, na dashibodi haikioni.

Zoezi

Dereva yuko kilometa 40 kutoka mahali penye umeme. Betri ina kilowati-saa 6, na geji yaonyesha matumizi ya 18 kwa kilometa 100 katika mwendo wa kilometa 90 kwa saa. Barabara ni tambarare. Je, akiendelea hivyo atafika? Matumizi yashuke hadi kiasi gani ili afike? Wanafunzi watumie kani zilizotolewa hapo juu, na ufanisi wa asilimia 85 kutoka betrini hadi magurudumuni, kukadiria kama mwendo wa kilometa 60 kwa saa utatosha, kisha waeleze ni ipi kati ya geji tatu dereva huyo aiangalie njiani.