Mkono Mwepesi: Kumkanda Mgonjwa wa Tiba Shufaa Nyumbani

Ugonjwa ukishafika mahali pa kutopona, bado mgonjwa anaweza kupunguziwa maumivu na wasiwasi, na viganja vyako vinasaidia.

1. Omba ruhusa kila mara. "Mama, nikukande miguu kidogo?" Jana alikubali, leo huenda hataki kuguswa kabisa. Mwache apumzike.

2. Punguza nguvu. Mwili uliodhoofika unataka mkono wa taratibu, kama unavyompaka mtoto mchanga mafuta. Mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo yanatosha. Dawa za kuchua zenye pilipili au mentoli ziweke kando, zinachoma ngozi iliyokonda.

3. Anza na mikono na nyayo. Humvui nguo wala humgeuzi, na heshima ya mzazi inabaki palepale. Dakika kumi zinatosha. Mtazame usoni: akikunja uso, acha.

4. Jua pa kutogusa. Hapa sitaki mzaha. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na unauma, huenda damu imeganda ndani. Usiukande hata kidogo, mpigie muuguzi siku hiyohiyo. Epuka vidonda, uvimbe wa saratani na ngozi iliyopigwa mionzi. Mifupa ambayo daktari amesema saratani imeifikia usiikandamize, maana huvunjika kwa urahisi. Na kama ngozi inavilia damu kwa kuguswa tu, uliza kwanza.

5. Dawa kwanza. Kukanda hakuchukui nafasi ya mofini. Ile ya maji huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi: mpe, subiri, ndipo umkande.

6. Huwezi kukanda? Mshike tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulihusisha wagonjwa 380 wa saratani iliyokomaa. Wengine walikandwa, wengine waliwekewa mikono tu mwilini. Waliokandwa walipata nafuu zaidi papo hapo, lakini hata wale wa kuwekewa mikono maumivu yalipungua na moyo ukatulia. Kwa hiyo mjukuu aliyekaa pembeni akiogopa kumuumiza bibi, mwite amshike mkono.

7. Muuguzi wa tiba shufaa, awe wa Nairobi Hospice, Ocean Road ya Dar es Salaam au zahanati ya jirani, mwombe akuonyeshe kwa vitendo, na atakayekupokea zamu ya usiku awepo.