Mwenzi Aliyeumia Ubongo Anaporudi Nyumbani



Mtu huanguka na pikipiki, huumia kichwa, hupelekwa Bugando kule Mwanza, na Mungu akijalia hurudi Muleba au Bukoba akiwa hai. Kidonda kimefunga, nywele zimeota, ukoo unashangilia. Baada ya wiki chache mke huja hospitalini na kusema kwa sauti ya chini kwamba huyu siye mume aliyemjua.

Mama huyo hakosei. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayozuia hasira na kumwezesha mtu kupanga kazi na kuianza. Ikiumia, mpole hutukana, na mchapakazi hushinda barazani bila kugusa jembe. Watu humwita mvivu. Mara nyingi mwenyewe haoni kuwa amebadilika. Si ukaidi, maana ubongo ambao ungemwonyesha badiliko hilo ndio ulioumia.

Basi mwambie jambo moja tu kwa wakati, kwa maneno machache. Ale, aoge na kumeza dawa saa zilezile kila siku. Ya kukumbuka yaandikwe kwenye daftari. Akichukua nusu saa kufunga vifungo vya shati, mwache afunge. Kelele humchosha upesi, kwa hiyo wageni waingie wawili wawili, na redio izimwe. (Najua kwetu ni vigumu kumzuia shangazi aliyetembea toka asubuhi.)

Akikasirika usibishane naye. Toka nje kidogo, kisha rudi na mazungumzo mengine. Lakini akianza kupiga, ondoka na watoto, wajulishe ndugu, na daktari aelezwe. Uvumilivu wa ndoa haukudai ukae mbele ya panga.

Wengine hupata kifafa, hata miezi mingi baadaye. Hakuna aliyewaroga, wala mate yao hayaambukizi. Vidonge visikatishwe ghafla. Asiendeshe pikipiki, asipande mti, asiende ziwani peke yake. Rubisi na pombe nyingine zote aache kabisa. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akisinzia asiamshike vizuri, au upande mmoja ukilegea, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ajali ilitokea wiki kadhaa zilizopita. Damu yaweza kujikusanya taratibu ndani ya fuvu.

Nafuu huonekana zaidi katika miezi 6 ya kwanza, ila huendelea polepole kwa miaka. Hata tendo la ndoa laweza kubadilika: mmoja hupoteza hamu, mwingine huzidi. Msione haya kumweleza daktari, ndiyo kazi yake.

Mume ambaye mkewe ndiye aliyeumia hubeba mzigo uleule, na yeye hushauriwa upesi amrudishe kwao au atafute mwingine. Wanaomshauri hivyo walikuwepo kanisani siku ya ndoa, wakasikia alichoahidi.

Anayeuguza naye huchoka, tena huona aibu kusema. Jumuiya ndogondogo hupeleka sukari na sabuni, jambo jema. Ila safari ijayo mwanajumuiya mmoja akae na mgonjwa mchana kutwa, na yule mama aende sokoni, akaungame, au alale tu.