Kila Jiko Liandikwe: Haki ya Wanakijiji Wakati wa Maafa

Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000. Rufiji na Kibiti maji yalilala juu ya nyumba na mashamba. Baada ya maafa kama hayo malalamiko hufanana: unga na magodoro yamefika, jirani kapata, mimi nimerukwa.

Anayerukwa hudhani kuna fitina. Pengine ipo. Lakini wengi majina yao hayakuandikwa kabisa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na hesabu ya hasara huanzia huko chini. Nyumba isiyoandikwa kijijini haionekani wilayani, na mkuu wa wilaya hawezi kuiombea chochote mkoani.

Kinachoumiza wengi kwenye orodha hiyo ya hasara ni safu ya "mkuu wa kaya". Mume mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake, huandikwa mara moja, nyumba mbili zikagawana gunia moja. Mjane anayeishi uani kwa shemeji humezwa na kaya ya shemeji. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe kwenda mwinuko kuwaokoa hukutwa hayupo. Kila jiko liandikwe peke yake. Watendaji wa vijiji wameambiwa, na wataambiwa tena: kila jiko peke yake!

Anayekimbilia kwa ndugu mjini aache mtu wa kusimama mbele ya watathmini. Ukuta ulioanguka upigwe picha kwa simu kabla tope halijazolewa.

Kisha orodha isomwe hadharani, jina kwa jina, kabla haijapelekwa kata. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Aliyerukwa aseme palepale, hoja yake iingie kwenye muhtasari, halafu apeleke barua kwa mtendaji wa kata na abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Malalamiko ya mdomo huishia njiani.

Kuandikishwa ni bure. Anayedai hata shilingi 500 "ya soda" aripotiwe TAKUKURU kwa namba 113, simu isiyolipiwa.

Ukali huu una sababu. Msaada wa maafa si fidia, na uamuzi wa Serikali hubadilika kutoka tukio moja hadi jingine. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, wengi walingoja kujengewa. Januari 2017 Rais John Magufuli akawaambia kila mtu ajijengee. Hanang mambo yakawa mengine. Tope na mawe yaliyoshuka mlimani Desemba 3, 2023 yaliua watu 89 Katesh na vijiji vya jirani, na waliopoteza makazi wakajengewa nyumba Waret. Kiongozi wa kijiji anayekwenda wilayani kuwatetea watu wake bila orodha iliyokamilika hana cha kuweka mezani.

Mpangaji aandikishe mali zake, mwenye nyumba aandikishe jengo. Masharti mengine yataelezwa na ofisi ya kata.

Kwenye mikoa yenye vuli, mvua huanza Oktoba. Rejesta ya wakazi ihakikiwe kabla ya hapo, na vitongoji vya mbali na barabara vitangulie.