Majina ya Ila



Muhula mmoja hapa Mutoyi nilisahihisha insha ya kijana mmoja juu ya siku ya soko. Chini yake niliandika kwa wino mwekundu neno moja tu: "Mbaya." Kwa majuma matatu kijana yule hakuniletea hata mstari mmoja. Nilipomwita kumwuliza sababu, alijibu kwa adabu: "Mwalimu, ulisema ni mbaya, lakini hukusema ni mbaya wapi. Nitatengeneza nini?"

Sikuwa na jibu. Basi jioni ile nilifungua kamusi ya zamani ya Kiingereza, ile ya Samuel Johnson iliyotolewa London mwaka 1755, nikatafuta maneno ya upungufu. Nikaona kwamba kila neno lina kazi yake. Kisha nikayapima kwa Kiswahili chetu, nami nawaletea niliyoyapata.

Kwanza, *flaw*. Johnson analieleza kwanza kuwa ni ufa. Kila mtu anunuaye chungu sokoni hukigonga kwa kidole. Kikitoa mlio uliofifia, kina ufa. Ufa ni mdogo leo, lakini huendelea. Ndiyo maana wazee husema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, *blemish*. Hili ni alama iharibuyo sura, kama kovu. Kwa Kiswahili tuna maneno mawili. Waa liko juu ya kitu, nacho kitu chenyewe ni kizima. Kovu ni alama ya jeraha lililokwisha kupona. Nasi Warundi twalijua, maana Kirundi husema *inkovu*. Asiyejua tofauti hii humtibu mtu aliyekwisha kupona.

Tatu, *defect*. Maana yake ya kwanza ni kukosekana kwa kitu kinachohitajiwa. Hili ndilo kasoro. Tukisema "saa mbili kasoro robo," hatuilaumu saa. Twasema tu kwamba robo haijatimia. Basi kitu chenye kasoro hakihitaji kutupwa, bali kuongezewa.

Kiswahili kina na neno la ajabu, walakini. Asili yake ni kiunganishi, maana yake "lakini." Wasemaji wamelifanya jina: "Mpango huu una walakini." Yaani mtu ameusifu mpango, kisha akasita. Ila nalo ni neno la jumla, nalo limo katika methali: Kizuri hakikosi ila.

Methali hiyo yaihusu hata kamusi yenyewe. Johnson alieleza neno moja, *pastern*, kuwa ni goti la farasi, kumbe ni sehemu ya mguu iliyo juu ya ukwato. Bibi mmoja alipomwuliza sababu ya kosa hilo, hakutafuta udhuru. Alikiri kwamba ni kutojua kwake tu.

Nilipofika hapo niliona haya. Nikaichukua tena ile insha, nikaisoma polepole. Haikuwa na ufa: habari zake zilifuatana vizuri. Ilikuwa na mawaa machache ya tahajia. Kasoro yake ilikuwa moja: mwisho. Mama aliyekwenda kuuza maharagwe hakurudi nyumbani, wala hatukuambiwa kama aliyauza. Asubuhi nilimwambia kijana hayo mbele ya darasa, nikakiri kosa langu. Siku ya pili aliniletea mwisho wa insha, kurasa mbili nzima.

Ndugu zangu, neno "mbaya" ni jepesi kwa asemaye na zito kwa aambiwaye. Ukitaka kumsahihisha mwenzako, au kujisahihisha mwenyewe, tafuta kwanza jina la ila. Ufa huzibwa, waa husafishwa, kasoro hutimizwa, na kovu huachwa kama lilivyo.

ZOEZI. Jaza neno lifaalo: *ufa, waa, kovu, kasoro*.

1. Mtungi huu wavuja kwa sababu una ____.
2. Utomvu wa mgomba umetia shati langu ____.
3. Panga lilinikata zamani. Sasa limebaki ____ tu.
4. Walifika wanafunzi arobaini ____ watatu.