Kuimba kwa Akili Katika Siku za Simu

Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 14, mstari wa 15, ataka vitu viwili kwa mtu aimbaye: roho na akili. Roho vijana wetu wa Mnyuzi wanayo tele. Twataka kusema juu ya akili.

Zamani wimbo ulifika usharikani kwa karatasi. Mwalimu aliziandika nota za do, re, mi ubaoni, nao waimbaji walijifunza kila sauti peke yake. Njia hiyo ilianzishwa Uingereza na mwalimu Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaieneza katika karne ya 19. Siku hizi kijana husikia wimbo katika YouTube, au hutumiwa kwa WhatsApp, na kesho yake auimba. Si vibaya. Sikio ndilo mwalimu wa kwanza. Wazee wetu Wabondei na Wazigua hawakujifunza ngoma zao kitabuni.

Lakini angalieni yatokeayo. Katika simu sauti ya kwanza ndiyo isikikayo wazi. Basi wote huishika hiyo, na sauti ya pili na ya tatu hukisiwa tu. Mpiga kinanda naye huiga vidole avionavyo katika picha, na wimbo ukiwa juu mno hubonyeza kitufe cha kuushusha, vidole visihame mahali pake. Apewapo kinanda kisicho na kitufe hicho, hajui do imehamia wapi. Tamaa ya kupigwa picha kabla wimbo haujaiva twaipita, maana kila mzazi aijua. Neno kubwa ni hili: simu haimsikii mwanafunzi. Haiwezi kumwambia, "Mwanangu, fa yako imepanda."

Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mwanafunzi wa Makumira, alitunga maneno ya "Mfurahini, Haleluya", yaimbwayo kwa tuni ya Kihaya. Leo wimbo huo umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Ujerumani, namba 116, pamoja na nota zake. Ajuaye kuzisoma aweza kuuimba, hata kama hajapata kumsikia Mhaya mmoja.

Basi twawashauri walimu wa kwaya na wainjilisti, simu hiyo hiyo itumike kufundishia. Mwalimu aimbe kila sauti peke yake, airekodi, awapelekee wa sauti ya pili iliyo yao, na wa besi iliyo yao, pamoja na picha ya nota zilizoandikwa kwa mkono. Ujumbe wa namna hii hauli bando nyingi. Nyumbani kijana asikilize huku akizifuata nota kwa kidole. Aonapo kistari, ajue kwamba sauti yaendelea. Siku ya mazoezi simu ziwekwe kando, kila mmoja aimbe mstari wake mbele ya mwalimu. Wasio na simu, nao si wachache, wapewe nafasi ya kuzinakili nota daftarini kabla ya kurudi nyumbani.